Kodi ya Bondeni

Waliokuwa wakivuka Jangwani, Dar es Salaam, miaka ya themanini, kabla hajatokea mtu wa kuwaza kwamba basi litajengewa barabara yake peke yake, wataikumbuka kwanza kwa pua. Tope lililoanza kukauka, mchicha uliomwagiliwa alfajiri, moshi wa vifuu vya nazi kwa wachoma mihogo wa Magomeni Mapipa, na chini ya hayo yote ile harufu ya mto wenyewe, ambayo kila mmoja aliijua na hakuna aliyeona haja ya kuitaja. Kumbakumba la UDA, lile Ikarus refu lenye kiuno cha kukunjika, lilishuka likiguna, likavuka tambarare ya viwanja, likapanda kuelekea Fire huku nusu ya abiria wake wakining'inia mlangoni. Upande mmoja vijana walicheza chandimu mpaka giza liufiche mpira. Upande wa pili, bondeni kabisa, ulionekana mji mwingine: mabati yenye kutu, makuti yaliyoezekwa juu ya majiko ya uani, na moshi wa jioni uliolala chini kwa sababu huko kwetu moshi ulikuwa hautaki kupanda.

Leo safari hiyo ni ya dakika chache. Ukitazama dirishani unaona uwanda mtupu na makatapila.

Nyumba tuliyopanga sisi ilikuwa upande wa Kigogo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati, na uani pipa la maji, kinu, kamba ya nguo na choo kimoja kilichotuhudumia watu ambao sidhani kama kuna aliyewahi kuwahesabu. Mama mwenye nyumba alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na kwa kuwa maji ya Msimbazi huanzia vilima vya huko Pugu na Kisarawe, alipenda kusema kwamba yeye na mto walitoka kijiji kimoja, yeye akaja kwa gari na mwenzake kwa miguu, kwa hiyo ni mtani wake na ana ruhusa ya kuutukana. Aliutukana kweli, kila masika. Kodi alikusanya mwenyewe, chumba kwa chumba, akiwa na koroboi mkononi hata siku ambazo umeme haukukatika, na ukiwa huna alikaa kitandani kwako akakuuliza habari za kazi mpaka wewe mwenyewe uone aibu ukakope kwa jirani. Hakuna aliyelipa miezi sita kwa mkupuo. Dalali tulimjua wa mnadani tu.

Jioni ilikuwa na mpangilio wake. Redio Tanzania ilitoa salamu za wasikilizaji kutoka kwenye Philips ya chumba cha mbele, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, wasichana wakacheza rede barazani, wavulana wakajificha kombolela kwenye mashina ya minazi, na mara moja moja mdundiko ukapita, tukaufuata mtaa baada ya mtaa hadi tukajikuta Mburahati hatujui njia ya kurudi. Baadaye kidogo ukaja mchiriku, na vile vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye spika za kuazima vikatunyima usingizi usiku kucha. Watu wazima walilaani. Sisi tuliona dunia imefika kwetu.

Sitaki hata hivyo mtu anipambie bonde. Mto ulishuka na kila kitu cha juu. Kulikuwa na siku ambazo maji yalikuja mekundu au ya buluu kutoka viwanda vya nguo, tukajua ni rangi gani ya khanga itatoka mwezi huo. Mvua kubwa ikianza, nyumba za mlimani zilitapisha vyoo, na yote yale yaliteremka kwetu, kwa sababu maji hayana adabu ya kuzunguka. Vitanda vilisimama juu ya matofali mwaka mzima. Godoro lilikuwa na njia yake ya kupandishwa darini, na kila mtoto alijua abebe nini: mimi nilibeba ndoo ya unga na bahasha ya vyeti. Ukutani maji yaliacha mstari, na masika iliyofuata yakaacha mwingine, mpaka ukuta ukawa kama daftari la mahudhurio. Kisha ndipo kipindupindu kilipokuja. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walizika watoto wawili wa tumbo moja katika wiki moja, na mama yao hakuhama, kwa sababu ahamie wapi?

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo sijaliona limeandikwa kwenye ripoti yoyote ya mipango miji, ingawa kila mpangaji wa bondeni alilijua kwa mfuko wake. Yale mafuriko ndiyo yaliyokuwa yakitushikia kodi chini. Tuliishi mwendo wa kutembea kutoka Kariakoo, soko kubwa kuliko yote nchini, katikati kabisa ya jiji, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu, na tuliimudu kwa sababu moja tu: mwenye fedha hakutaka kulala mahali ambapo Aprili kitanda kinaelea. Maji yalituibia godoro na yakatulindia chumba. Ilikuwa biashara mbaya, lakini tulikuwa tumeielewa.

Serikali nayo ililijua bonde siku nyingi. Ramani kuu ya jiji ya mwaka 1979 iliyaweka mabonde ya mito kuwa maeneo ya hatari, yasiyofaa kujengwa. Lakini kutoka kwenye ramani hadi uani kwetu kulikuwa na safari ndefu, na njiani humo nyumba zilijengwa, wajumbe wa nyumba kumi wakachaguliwa, nguzo za umeme zikasimikwa, na mabomba yakaletwa hadi mlangoni. Miaka ya 2000 yalipotolewa makaratasi ya leseni za makazi kwa maeneo ambayo hayakupimwa, wapo majirani waliopata ya kwao na kuyatia kwenye plastiki, wakaamini kwamba mtu mwenye karatasi ya serikali hawezi kuambiwa na serikali kwamba hayupo.

Kisha mvua ya Desemba 2011. Waliokuwepo hawahitaji kuhadithiwa: siku chache kabla ya Krismasi, watu juu ya mapaa, helikopta angani, na maiti za watu wapatao 40. Waliookolewa walipelekwa Mabwepande, kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini, wakapewa mahema na viwanja. Kiwanja! Kwa mtu aliyepanga maisha yake yote, neno hilo ni zito. Lakini Mabwepande ya siku zile haikuwa na soko la kuuza vitumbua, haikuwa na mzigo wa kubeba, na nauli ya kwenda na kurudi ilikula faida yote kabla hujaipata, kwa hiyo wengi waliuza na wengine wakarudi kimyakimya walikotoka. Desemba 2015 wakaja wa herufi X, rangi nyekundu ukutani, na nyuma yao tingatinga. Mwaka mpya ule watu waliusherehekea juu ya vifusi vyao, wakiwa wametundika vyandarua kwenye nondo.

Ilikuwa hatua ya kulinda maisha. Naamini hivyo, na bado chandarua kile kwenye nondo hakijanitoka machoni.

Kilichofuata kilikuwa kizuri, na lazima kisemwe kwa haki. Mei 2016 mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yake peke yake, ulianza kutoka Kimara hadi Kivukoni. Mtu ambaye amewahi kutoka Kimara saa kumi na moja alfajiri ndani ya daladala aina ya chai maharage, magoti yake kwenye magoti ya mgeni, kuku wa mgeni kwenye miguu yake, akafika Posta saa tatu na shati limekwisha sura, hawezi kulibeza basi lile. Nauli ya shilingi 650 ilizidi ya daladala, watu wakanung'unika, kisha wakapanda. Hewa ya Barabara ya Morogoro ilipata nafuu baada ya vile vidaladala vyenye moshi mweusi kuondolewa. Dunia nzima ikatusifu, na jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Mimi mwenyewe nilijivuna mbele ya jamaa zangu wa Mombasa.

Kichekesho pekee ni kwamba karakana kuu ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, bondeni, hatua chache kutoka mahali ambapo watu walivunjiwa kwa kosa la kukaa bondeni. Masika zilifuata mabasi kama zilivyotufuata sisi. Mabasi yalilala majini. Mama mwenye nyumba wetu angekuwa hai angemwambia mtani wake asante.

Mwendokasi ulileta na kitu kingine, ambacho hakikuandikwa kwenye tiketi. Vyumba vya Magomeni na Manzese, ambavyo sifa yake zamani ilikuwa urahisi, sasa vina sifa ya pili: viko karibu na kituo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita iliyokuwa na familia sita inauzwa na warithi, inavunjwa, inapanda ghorofa, na ndani yake yanatengenezwa makazi ya chumba na sebule yenye choo ndani, jiko ndani, luku ya peke yako, na kodi ya miezi sita au mwaka mbele. Choo ndani ni jambo jema. Nimelala miaka mingi na woga wa kuvuka uani usiku, sitaliimbia pazia la gunia. Ila wale waliokuwa wakivuka uani pamoja nami hawamo humo ndani. Hilo ndilo linalonikaa kooni: raha imefika pale pale tulipoisubiri, imewakuta wengine.

Na si mara ya kwanza. Mkubwa wangu mmoja, shangazi, alipanga Hananasif miaka ya tisini, wakati wakazi wenyewe walipochimba mitaro ya maji ya mvua kwa mikono yao, kwa mradi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Ulikuwa mradi wa mfano. Wanawake walilipwa kwa kubeba mawe, vijana wakajifunza uashi, na maji yaliyokuwa yakikaa barazani wiki mbili yakapata njia ya kwenda baharini. Shangazi alibeba mawe. Mitaro ilipokamilika, mwenye nyumba akapandisha kodi, kwa maelezo ambayo huwezi kuyapinga: nyumba yake sasa haiingii maji. Shangazi akahamia Mbagala, akiwa na ujuzi mzuri wa kuchanganya zege.

Nilipokuwa kijana nililichukulia hilo kuwa roho mbaya ya mtu mmoja. Siku hizi naona ni hesabu tu, na hesabu hiyo haina kabila wala nchi. New York walichukua reli kuukuu ya juu kwa juu, wakaipandia maua, wakaifungua mwaka 2009 kwa jina la High Line, na majumba ya kifahari yakaota pembeni yake. Mmoja wa waanzilishi wake, Robert Hammond, alikuja kukiri hadharani kwamba wenyeji wa nyumba za umma zilizo jirani hawakunufaika kama walivyopaswa. Nairobi nako, baada ya mafuriko ya mwaka 2024, nyumba za kandokando ya mto huko Mathare na Mukuru zilivunjwa kwa amri ya kulinda maisha, halafu habari iliyofuata ikawa ni ya mto kupendezeshwa. Sitilii shaka nia za watu hawa. Ila nimeshaanza kuzoea mpangilio: kwanza hatari, kisha tingatinga, kisha miti.

Jiji letu, kwa kweli, lina uzoefu wa zamani wa kutumia majani kupanga watu. Mnazi Mmoja haikuachwa wazi kwa bahati. Wakoloni waliigawa Dar es Salaam kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanda ule wa kijani kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa kwa hoja ya afya, yaani hewa ipite na maradhi yasipite. Leo ni mahali pazuri, wazee wanapumzika chini ya miti, na mimi napapenda kuliko pengine popote mjini. Kivuli hakina hatia ya aliyepanda mti.

Sasa ni zamu ya Msimbazi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliridhia mradi mkubwa wa bonde, wa dola milioni 200 pamoja na fedha za Uholanzi na Hispania. Ukiusoma mpango wake ni vigumu kuuchukia. Mto utachimbwa na kupanuliwa ili maji yapate nafasi, karakana ya mabasi itaondoka bondeni, daraja la Jangwani litainuliwa ili jiji lisikatike vipande viwili kila mvua inaponyesha, mikoko ya mdomoni mwa mto itatunzwa, na katikati itakuwa bustani kubwa ya jiji. Bahari inapanda, mvua zimekuwa hazitabiriki, vuli inakuja na nguvu ya masika, na jiji la mamilioni haliwezi kuendelea kuomba dua kila Aprili. Watoto wawili wa nyumba ya tatu wangekuwa na umri wangu.

Michoro yake ni mizuri pia. Watu wanatembea polepole chini ya miti, wengine juu ya baiskeli, hakuna aliyebeba kitu kichwani. Na udongo utakaotoka mtoni, mpango unasema, utatumika kuinua kingo, na juu ya kingo hizo zilizoinuliwa, mahali ambapo maji hayatafika tena, panaweza kujengwa. Nilirudia sentensi hiyo. Pale pale. Ardhi ambayo kwa miongo minne ilikuwa mbovu mno kukaliwa na maskini, itainuliwa kidogo iwe nzuri mno kukaliwa na maskini.

Fidia ilitolewa, tofauti na mwaka 2015, na hilo ni badiliko kubwa ambalo nimewaona watu wakilipuuza haraka mno. Warithi wa mama mwenye nyumba wetu walipimiwa kuta, bati, sakafu na miembe miwili. Walikuwa tisa. Baada ya kugawana kwa mujibu wa mirathi, mmoja alinunua bodaboda mbili, mwingine kiwanja cha mbali, na wa tatu, mwenye akili kuliko wote au pungufu kuliko wote, alimaliza ada za watoto. Hakuna aliyeweza kununua hata kona ya nyumba Magomeni. Mthamini anaweza kuipimia bei tofali. Hana safu kwenye fomu yake ya kuandika kwamba kutoka hapa hadi Kariakoo ni miguu, na kwamba jirani anakukopesha unga.

Majuzi nilisimama upande wa Mzimuni, mahali palipokuwa na mshona viatu na sasa pana duka la vifaa vya simu, nikazungumza na kijana dalali. Alinionyesha kwa kidole. "Mzee wangu, hapa haifiki maji, mwendokasi dakika tano kwa mguu, na mbele bustani inakuja." Bustani bado ni vumbi na alama za matairi ya makatapila, lakini yeye alikuwa ameshaiuza. Nikamuuliza bei, akaniambia. Nikamuuliza ya chumba kimoja, uani choo cha pamoja. Alicheka kwa heshima, kama mtu anavyomcheka babu yake aliyeulizia bei kwa hela ya zamani.

Na kwa kuwa mabasi na bustani huja kwa jina la tabianchi, hesabu ya hewa ukaa ingefanywa kwa uaminifu ingekuwa na kioja ndani yake. Sisi wa bondeni tulikuwa watu safi kwa mazingira kuliko raia yeyote wa jiji hili. Tulikwenda kazini kwa miguu. Tulikaa watu wengi chini ya bati moja. Mchicha wa soko la Kariakoo ulitoka mita chache kutoka ulipoliwa, chupa ilirudishwa dukani, suruali ilishuka kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo hadi kuwa dekio. Hakuna aliyetupa tuzo, na sisi wenyewe tusingeikubali. Tulikuwa tukiishi hivyo kwa kukosa. Lakini sasa wanaotutunzia tabianchi wametuweka kwenye magari, kila mtu kwake pembezoni, kilomita 20 na 30, asubuhi na jioni.

Kuna mahali pamoja hesabu ilitoka tofauti, na si mbali. Magomeni Kota, zile nyumba za zamani za serikali, wakazi waliondolewa wakaambiwa watarudi, na kama ilivyo desturi hakuna mtu mzima aliyeamini. Mradi wenyewe haukuwa wa tabianchi. Miaka ikapita kiwanja kikiwa na nyasi. Lakini maghorofa yalijengwa, na yalipozinduliwa mwaka 2022 waliokusudiwa kuingia walikuwa kaya zile zile 644 zilizohamishwa. Nina mama mmoja ninayemwamkia huko. Analalamika bila kupumua: jiko la mkaa halina pa kukaa, kinu amekatazwa kwa sababu wa chini wanadai dari linatikisika, hakuna baraza la kukalia kwa hiyo haoni nani anapita na nani, na ngazi zitamuua. Nilimuuliza kwa utani kama yuko tayari kuuza ahamie Bunju kwenye ua wake mwenyewe. Alinitazama kama niliyemtukania marehemu mumewe. "Niende nikafanye nini huko, mwanangu? Nikazungumze na mihogo?"

Kwa hiyo inawezekana. Ilihitaji orodha ya majina, ahadi iliyotamkwa hadharani, na watu wakorofi wa kutosha kuikumbusha. Bondeni orodha ipo ya wenye nyumba. Ya wapangaji, wale wa korido na uani, waliokuwa wengi kuliko wenye nyumba, sijui ni nani ataiandika, maana kila mmoja ameshaenda njia yake.

Dada yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, alikuwa miongoni mwao mpaka juzi. Alipanga Kigogo, akauza maandazi Kariakoo, akitoka nyumbani saa kumi na moja na beseni kichwani. Sasa amepata chumba Pugu, kule juu ambako mto unaanzia. Hewa ni nzuri, anasema, usiku kuna baridi, mbu wachache, na hajawahi kuinua godoro. Anaamka saa tisa. Anapanda magari mawili, na beseni lina nauli yake. Safari hii nilimpigia nikiwa na habari njema: mwendokasi wa awamu ya tatu, wa Barabara ya Nyerere, unafika hadi Gongo la Mboto, jirani kabisa na kwake. Atapunguza saa nzima ya kusafiri.

Alikuwa ameshazisikia. Alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Aliniuliza kama beseni litaruhusiwa kuingia. Kisha akaniambia kuwa mwenye nyumba wake amefunga geti jipya na ameanza kupaka rangi, kwa hiyo nikipita upande wa Chanika nimuulizie vyumba.